Barua kuhusu pupa wa nondo shambani

Uyole, Mbeya

Mpendwa rafiki yangu Atupele,

Salamu nyingi kutoka huku Uyole. Barua yako nimeipata, nami nimefurahi sana kwamba kabla ya kuwaponda pupa (wadudu walio katika hatua ya kati ya kiwavi na mdudu mpevu) uliowafukua shambani, umetaka kwanza kujua ni wa mdudu gani.

Naomba usiitegemee rangi, kwa sababu pupa aliyetoka tu kujivua ngozi ya kiwavi huwa laini na mwenye rangi hafifu, kisha hukolea hadi kuwa wa hudhurungi. Hakikisha kwanza kwamba ni nondo: vipapasio, miguu na mabawa yake huwa yamegandamana na mwili, yakaonekana kama michoro juu ya gamba, ilhali miguu ya pupa wa mbawakawa huwa imeachana na mwili.

Yule mkubwa wa kwenye viazi vitamu, ikiwa ana mrija uliojikunja mbele ya kifua mfano wa mkono wa birika, ni nondo ambaye wataalamu humwita Agrius convolvuli. Huyo hana mashaka.

Wa kwenye mahindi ndio wanaonitia wasiwasi. Kiwavijeshi vamizi, aliyegunduliwa Afrika mwaka 2016, kwa kawaida hugeuka pupa ndani ya udongo, sentimita 2 hadi 8 kwenda chini. Pupa wake hung'aa, ana urefu wa milimita 14 hadi 18, na ncha ya mkia wake ina miiba miwili. Hata hivyo, nondo wengine wa jamii yake nao wana miiba ya namna hiyo, kwa hiyo usihukumu kwa mkia peke yake. Funza wa mabua hugeukia ndani ya bua lenyewe, akiwa ameshaandaa tundu la kutokea na kuliacha limezibwa na ngozi nyembamba ya bua. Ndiyo maana mahali ulipomkuta pupa pana uzito sawa na umbo lake. Tafadhali uwe unapaandika.

Wachache waweke hai kwenye kopo lenye udongo wenye unyevu kidogo, ulifunike kwa kipande cha chandarua, na uwe na subira, maana kwenye baridi kiwavijeshi vamizi huweza kukaa pupa siku 20 hadi 30. Akitoka dume, utaona doa jeupe karibu na ncha ya bawa la mbele. Niandikie mara utakapoliona, ili nami nianze kukagua mahindi yangu mapema.

Wako akupendaye,
Neema