Naivasha hakuhitaji kuhesabu hadi kumi

Mhariri,

Anayeanza kuvua samaki aitwaye besi kwa ufito katika Ziwa Naivasha hupewa shauri moja karibu kila anapouliza: tupa jekibeiti, yaani chambo bandia, itikise mara mbili, kisha tulia uhesabu hadi kumi kabla ya kuitikisa tena. Shauri hilo ni sahihi huko lilikotoka. Lilitungwa kwa maziwa ya Marekani mwishoni mwa majira ya baridi, maji yakiwa chini ya nyuzi 10 za Selsiasi na samaki amepooza, hana haja ya kukimbiza kitu. Besi wetu naye asili yake ni Marekani, aliletwa Naivasha mwishoni mwa miaka ya 1920, lakini maji anayoishi sasa ni mengine kabisa. Ziwa liko karibu mita 1,890 juu ya usawa wa bahari na asubuhi zake hutetemesha, ila maji yenyewe kwa kawaida huwa kati ya nyuzi 20 na 25. Katika maji hayo besi ni mwepesi na ana njaa. Ukimwachia chambo kimesimama sekunde 10, anakisogelea, anakichunguza na kugeuka. Sekunde 1 hadi 3 zinatosha. Ukimwona anafuata bila kuuma, ongeza sekunde moja, si saba.

Kwa asiyeijua, jekibeiti ni chambo bandia chenye umbo la kisamaki chembamba, urefu wa sentimita 9 hadi 12, chenye ulimi mdogo wa plastiki kidevuni na ndoana mbili au tatu zenye makucha matatu kila moja. Kinachoitofautisha na vyambo vingine ni kwamba ile inayosifiwa zaidi haizami wala haielei. Ukiacha kuvuta, husimama palepale kati ya maji kama kisamaki kilichojeruhiwa kinachotafuta pumzi. Mara nyingi besi huuma wakati huo wa kusimama, wala si wakati wa kuvutwa.

Hapo ndipo wengi wanapopoteza siku. Maji ya baridi ni mazito kuliko ya uvuguvugu, kwa hiyo chambo kilichosimama vizuri kwenye nyuzi 10 huzama polepole kwenye nyuzi 24. Mvuvi anadhani kimesimama, kumbe kinashuka na kunasa magugu. Dawa yake ni ndoo. Chota maji ya ziwa lenyewe, si ya bomba wala yaliyokaa juani, kisha tumbukiza chambo kikiwa na ndoana zake zote na pete zake. Kisukume chini kwa kidole, uachie, uangalie. Kikipanda taratibu mno au kikatulia na pua imeinama kidogo, kiko sawa. Kikishuka, badilisha kwanza ndoana ya mkia uweke iliyo ndogo kwa namba moja, kwa mfano namba 6 badala ya 5 (kumbuka namba ikipanda, ndoana hupungua). Kikipanda haraka, zungushia uzi mwembamba wa risasi kwenye shina la ndoana ya mbele, sentimita 2 kwa wakati mmoja, ukijaribu ndooni kila mara. Karibu na magugu ni afadhali chambo kinachopanda kuliko kinachoshuka.

Wala usifunge chubwi mbele ya jekibeiti ili uitupe mbali. Tunaliona kosa hili mara nyingi ufukoni. Chubwi huvuta pua chini na chambo hakiwezi tena kugeuka upande, yaani umeua kile kitu ulichokinunulia.

Ufito wa mita 2 hivi unatosha, usio mgumu sana. Mshipi wa florokaboni wenye nguvu ya ratili 10 hadi 12 ndio tunaoupendekeza. Ukiwa mnene zaidi, maji huushika na chambo hakifiki kina chake. Mshipi wa kusokotwa haunyumbuki hata kidogo, na besi akiruka, ndoana ndogo huchana mdomo na kutoka. Ukiwa huna mwingine, legeza breki ya rili (kigurudumu cha kukunjia mshipi) zaidi ya ulivyozoea. Funga mshipi kwenye pete ya puani. Kama chambo hakina pete, tumia fundo la kitanzi ili pua iwe huru kucheza. Baada ya kila samaki pitisha ukucha kwenye mita ya mwisho ya mshipi, kwa maana meno ya besi ni kama msasa, na ukihisi mkwaruzo kata sehemu hiyo ufunge upya.

Sasa mkono. Elekeza ncha ya ufito chini, karibu iguse maji. Itikise kwa kifundo cha mkono sentimita 20 hadi 30, ghafla, kisha papo hapo irudishe kuelekea kwenye chambo ili mshipi ulegee. Kulegea huko ndiko kunakofanya kazi. Mshipi ukibaki umekazika, chambo kinakuja mbele moja kwa moja kama kitu kinachokokotwa. Ukilegea, kinateleza kushoto, mtikiso unaofuata kinateleza kulia, na kila kinapogeuka ubavu wake unang'aa. Jizoeze kikiwa mita mbili tu kutoka miguuni, mahali unapokiona, kabla ya kukitupa mbali. Rili izungushwe kidogo tu, kuondoa mshipi uliozidi. Kama kila mara kinakwenda upande mmoja, kigeuzie pua kwako ukipinde kijitundu cha puani kwa koleo, kiasi cha unywele, kuelekea upande unaotaka kiende.

Kuuma kwenyewe mara nyingi hakuna kishindo. Utauona mshipi umesogea kando, au umelegea zaidi ya ulivyouacha. Usinyanyue ufito kwa nguvu kama unayevua kwa chambo cha mnyoo; uvute kwa ubavu, kwa mvuto mmoja mrefu.

Jambo la maji machafu halisemwi vya kutosha. Jekibeiti huwindwa kwa macho. Tangu samaki aitwaye kapi aonekane ziwani mwaka 2001 akifukua tope la chini, na mto Malewa ukileta udongo wakati wa mvua, sehemu kubwa ya Naivasha huwa rangi ya chai ya maziwa. Shusha chambo cheupe pembeni mwa mashua: kikipotea machoni kabla ya nusu mita, kiweke sandukuni, leo si siku yake. Nenda upande wa Kisiwa cha Crescent, ambako kina ni kirefu na maji mara nyingi husafika zaidi, au badili uvue kwa chambo kinachopiga kelele. Na besi uliyemvua akitapika kamba mwekundu, yule aliyeletwa ziwani mwaka 1970, jua kwamba anakula chini. Kisamaki cha kati ya maji hakitamshawishi sana. Vua mapema pia, kwani upepo wa alasiri huupinda mshipi na kuuondoa ule ulegevu wote uliojifunza.

Makucha sita au tisa ya ndoana hayasamehe. Bana vile vijino vya nyuma kwa koleo la pua ndefu kabla ya kutupa. Besi wachache watachomoka, lakini kidole chako kitachomoka pia. Ikikuchoma, kwanza mtenganishe samaki na chambo. Kama imeingia kwenye nyama ya kidole au mkono, pitisha mshipi imara kwenye mkunjo wa ndoana, mwenzako abonyeze shina chini liguse ngozi, kisha avute mshipi ghafla kurudi kule ilikoingilia. Jichoni, shingoni na kwenye viungo usiguse, nenda hospitali, na hata ikitoka salama ulizia sindano ya pepopunda.

Usiingie majini kwa miguu kufuata chambo kilichonasa kwenye mafunjo. Viboko hupumzika humo humo, na chambo kinanunulika. Kikinasa kwenye wavu wa mvuvi, usikate wavu: kata mshipi wako, umtafute mwenye wavu ukiwa bado ziwani na umwonyeshe ndoana zilipo, kwa sababu ndiye atakayeuvuta gizani kwa mikono mitupu.

Wavuvi wa ufito,
Naivasha