Barua kwa mwanangu: kabla hujatia sahihi

Mwanangu mpenzi,

Ama baada ya salamu, sisi huku Likoni hatujambo. Nyanyako anakula vizuri, ila magoti yamekataa kabisa, sasa hata msalani anapelekwa. Nimeamua kukuandikia kwa sababu kwenye simu unanikimbia. Nikikaribia jambo lenyewe, mara mtandao mbaya, mara basi limefika. Barua haina mtandao.

Jambo lenyewe ni lile ulilolisema Ijumaa ukalifunika kwa kicheko: kwamba huko kwenye nyumba ya wazee Ujerumani unakojifunzia uuguzi, muuguzi mtakayekesha naye huanza zamu kwa kujaza, mpaka za asubuhi, karatasi za kuwageuza wazee wasipate vidonda vya kulalia. Saa nne ubavu wa kushoto, saa sita wa kulia, saa nane chali, saa kumi kushoto tena, sahihi, sahihi, sahihi, kisha ndipo anapofunga kalamu na kwenda kuwaona. Ukasema, "Lakini mama, huwa anawageuza." Sikukujibu kwa sababu babako alikuwa hapo karibu, na sikutaka aulize.

Usitie sahihi. Kitu hujakifanya, usikitie sahihi. Akuambie ni desturi ya nyumba, akuambie kila mtu hufanya, akuambie wewe mwanafunzi tu.

Najua utasema mama anatoka wodi za Kenya, anajua nini juu ya nyumba ya wazee Ujerumani. Sijui mengi, na mengine nimeyajua kwako. Nimeelewa kwamba nyumba yenu haina daktari wake; kila mzee hubaki na daktari wa familia aliyekuwa naye tangu zamani, naye huja mara moja moja au akiitwa. Dawa zinapangwa duka la dawa, zinakuja kwenye vifuko kila kimoja na saa yake. Basi fikiri. Daktari anaingia, yuko mbioni, ana dakika chache kwa mzee ambaye hawezi hata kutaja jina lake. Atategemea nini? Atategemea karatasi yenu.

Tuseme maji. Kikombe kimejaa mezani, chai imepoa imefanya utando juu, na karatasi inasema amekunywa mililita 200. Kikombe cha mchana vilevile, cha jioni vilevile. Siku ya tatu bibi wa watu anaanza kuweweseka, anamwita mumewe aliyekufa. Daktari anatazama jumla ya maji, anaona yametosha, anasema ni ule ugonjwa wa kusahau umezidi. Kumbe mtu amekauka. Angepewa maji angerudi kama alivyokuwa.

Au sukari. Mzee amechomwa insulini ya chakula cha jioni. Sahani imerudi jikoni na viazi vyake, lakini mtu kaandika amemaliza kwa kuwa alikuwa na haraka ya kukabidhi zamu. Wa usiku anasoma, anaona kashiba, anampita. Usiku huohuo mzee analoa jasho, anatetemeka, na kama hakuna aliyesimama kitandani kwake mpaka alfajiri, basi tena. Aliyeandika "amemaliza" alishalala kwake, wala hajui alichofanya.

Ndiyo maana nakwambia usinipe yale ya kwamba ni karatasi tu. Tulipokuwa shuleni walimu walitupigia kelele kuwa ambalo halikuandikwa halikufanywa. Ninyi nanyi mnafundishwa hivyohivyo. Watu wakaogopa kuacha nafasi tupu, wakawa wanaijaza. Nafasi tupu haimuui mtu, mwanangu. Ukiiacha tupu, wa zamu ijayo atauliza.

Na usidhani sijui jinsi kalamu inavyokuwa nyepesi saa kumi alfajiri, miguu imevimba, wodi nzima inalia, na wewe uko peke yako. Hayo sikuyasoma kitabuni. Tuyaache.

Uliniambia kitu kimoja nilichokifikiria sana. Kwamba kwenu huwezi kupandisha vyuma vya kitanda cha mzee ili asitoke, wala kumfunga mkanda kwenye kiti, mpaka mwenyewe akubali, na kama akili yake haiwezi kukubali, lazima itafutwe ruhusa ya mahakama. Mahakama! Kwa chuma cha kitanda! Nilicheka, kisha nikanyamaza. Sisi tulivipandisha bila kumuuliza mtu, na wengine tuliwafunga mikono kwa bendeji wasing'oe mpira wa mkojo, tukaita usalama. Hakuna hakimu aliyewahi kutuuliza. Wewe umebahatika kufanya kazi mahali ambapo sheria imeingia mpaka kitandani, kwa hiyo usijitie ujanja wa kuipita kwa mlango wa nyuma.

Sasa hili la kugeuza. Sisi tulikaririshwa kila saa mbili, mgonjwa awe mnene awe mfupa mtupu. Unasema huko ratiba hupangwa kwa kila mzee kivyake, kulingana na ngozi yake na anavyoweza kujisogeza mwenyewe. Ni bora kuliko yetu. Lakini ratiba ya mtu mmoja mmoja ina maana mtu ametazamwa. Unapomgeuza, mtazame matako, nyonga, na visigino hasa, visigino watu huvisahau. Ukiona pekundu, bonyeza kwa kidole, achia. Pakiwa peupe kisha pakarudi rangi, damu inapita. Pakibaki wekundu uleule chini ya kidole chako, kidonda kimeshaanza, hata kama ngozi haijachanika, na hapo mwite mkubwa wako saa hiyohiyo. Kwetu wekundu hauonekani kirahisi, ngozi zetu nyeusi, ndiyo maana tulipapasa: joto, ugumu, mahali pamevimba kidogo. Fanya yote mawili. Utakutana na mzee mweusi huko siku moja na wenzako hawataona kitu.

Na kidonda cha kulalia hakidanganyi. Karatasi itaonyesha amegeuzwa usiku kucha, na kisigino kitaonyesha vingine. Wale wakaguzi wa bima wanaokuja, wanaoarifu muda mfupi tu kabla, si unasema huchagua wakazi 9 wakawatazama wenyewe mwilini? Wataona. Na zile herufi mbili pembeni ni za jina lako.

Naelewa unachoogopa. Kibali chako cha kuishi huko kimeshikana na mkataba, na mkataba uko mikononi mwa watu haohao. Umebakiza zaidi ya mwaka. Sikwambii uende ukamshtaki mtu. Sheria ya mafunzo yenu inasema ukishavuka nusu ya ile miaka 3 ufanye saa kati ya 80 na 120 za usiku, chini ya uangalizi wa muuguzi aliyehitimu. Basi mwambie kwa adabu, "Mimi naomba niandike baada ya kufanya, nikiandika kabla nitachanganya." Jifanye mjinga. Wewe si mjinga, lakini ujinga wa mwanafunzi ni ngao, itumie kabla hujahitimu. Ikiwa haikusaidia, una yule mkufunzi wako wa kazini, kazi yake ni hiyo. Na ile barua mliyofundishwa darasani, ya kuwaarifu wakubwa kwa maandishi kwamba kazi imezidi watu na wazee wako hatarini, ipo ili itumike. Ila usiiandike peke yako, andikeni wawili au watatu.

Hukuja kwangu na jambo hili bure. Ungekuwa huoni ubaya wake usingelitaja. Hapo nilikusifu moyoni, ingawa nilikaa kimya.

Maana nakusifu kuliko unavyodhani. Septemba 2024, mawaziri wa Kenya na Ujerumani walipotia sahihi ule mkataba wa wafanyakazi kule Berlin, mbele ya Ruto na Scholz aliyekuwa kansela wao, mtaa mzima ulikuwa mlangoni kwangu unauliza njia. Nikawaambia wakajifunze Kijerumani kwanza. Wachache walirudi. Wewe ulikaa na vitabu vile mpaka ukafika kile kiwango cha lugha wanachokiita B2, huku mimi nikikusema kwamba unapoteza mafuta ya taa, na stima ikikatika unasomea simu. Lakini usivimbe kichwa. Picha za theluji unazirusha kila wiki, nyanyako kumpigia mpaka ukumbushwe.

Na jambo jingine, acha kumwambia nduguyo kwamba wazungu wanatupa wazee wao. Ameanza kulirudia barazani kama hotuba. Wewe mwenyewe ulinieleza kuna mzee anayekuja kila mchana kumlisha mkewe kwa kijiko, mvua inyeshe isinyeshe. Ulinieleza pia gharama: mwaka 2025 wastani wa anachotoa mkazi mwenyewe katika mwaka wake wa kwanza ulipita euro 3,000 kwa mwezi, hata baada ya bima kutoa yake, na kwamba asiyeweza hulipiwa na ofisi ya ustawi. Mtoto hadaiwi mpaka awe anapata zaidi ya euro 100,000 kwa mwaka. Watu waliokaa chini wakatunga sheria ya namna hiyo hawajatupa mtu. Sisi tunasema mzee hutunzwa nyumbani, ni kweli, lakini nyumbani maana yake ni mimi. Babako humsogezea kiti, shangazi zako huja Idi na mahamri. Serikali inampa nyanyako shilingi 2,000 za Inua Jamii kwa mwezi, zikija, nazo haziwezi kununua hata pampasi za mwezi mzima. Simlaumu mtu. Nasema nduguyo aache hotuba.

Pesa ulizotuma zimefika. Tumeziba mabati ya upande wa jikoni, fundi kaacha kipande cha choo, anasema misumari iliisha. Karo ya nduguyo imelipwa, risiti ninayo. Tangi la maji limeanza kuvuja chini, ila lile litangoja. Usitume zaidi mwezi huu. Katika picha ya mwisho mabega yako yametoka mifupa, kula. Na nunua viatu vya kazi vya kweli, si hivyo vya mapambo. Mgongo nao usiubebeshe mtu. Kama kuna mashine ya kunyanyulia, itumie hata kama wenzako wanasema inachelewesha.

Ulitaka kumnunulia nyanyako godoro la hewa. Usinunue kwa sasa. Stima huku unaijua, ikikatika linakuwa mpira mtupu, na hata likijaa bado mtu lazima ageuzwe. Mjombako anarudi kutoka Hamburg mwisho wa mwezi na amesema ana nafasi kwenye begi. Mpe zile shuka za kuteleza mnazotumia kumsogeza mtu kitandani, mbili, na pedi za kutandika chini kadiri zitakavyoenea. Usimjazie chokoleti, hapa zinayeyuka.

Zamu yako ya kwanza ya usiku ikiisha, nipigie kabla hujalala. Nitakuuliza swali moja tu, na unalijua.

Mamako