Risala ya Vijana Wachukuzi wa Baiskeli, Malindi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, wazee wetu, mama zetu, mafundi baiskeli na vijana wenzetu, asalaam aleikum.

Karibu kijiweni kwetu. Sisi ni vijana 22 tunaochukua mizigo kwa baiskeli: mikate ya alfajiri kwenda madukani, samaki kwenda mikahawani, dawa za wazee wasioweza kutoka nyumbani.

Mbio utakazozianzisha leo hazina njia. Kila mmoja anapewa karatasi ya vituo: soko la samaki, makaburi ya nguzo pale Shela, Maweni, Barani, kisha mwisho Mnara wa Vasco da Gama. Kila kituo unapigiwa muhuri. Uanze na kipi, upite wapi, shauri yako. Ila vichochoroni, ukikuta mzee au mtoto, unashuka unakokota. Mwaka jana aliyeshinda ni mpeleka mikate mwenye baiskeli nzito ya mamba, yenye karia, akawaacha wenye baiskeli nyepesi, kwa kuwa vichochoro vya mji huu amevisoma kila alfajiri.

Mbio za namna hii zilianzwa na matarishi wa baiskeli wa Toronto, Kanada, mwaka 1989. Mwaka 1993 matarishi wa nchi mbalimbali wakakutana Berlin, Ujerumani, kwa mashindano yao ya kwanza ya dunia. Hawakungoja kujengewa uwanja. Mji wao wa kazi ndio uliokuwa uwanja. Tuliposikia habari zao tulijiona wenyewe. Hata boda boda, Mheshimiwa, ilianza kwa baiskeli, kule mpakani Busia.

Dhiki zetu hatukufichi. Ramadhani iliyopita mwenzetu aligongwa na gari Barabara ya Lamu, amebeba mkate wa sinia, magharibi inakaribia. Gari halikusimama. Tulikuta rimu ya mbele imekunjika, spoki zimechomoza, mkate umetapakaa lamini. Alilazwa siku tisa, na mpaka leo mkono wa kushoto haukazi breki. Helmeti ndiyo iliyomwokoa, nayo ilikuwa ya kuazima.

Tunaomba helmeti na taa za nyuma kwa wote 22. Tunaomba pia utusemee kwa wahusika, Barabara ya Lamu itengewe kando yake njia ya baiskeli. Hili la pili ndilo kubwa.

Mwenzetu huyo leo hashindani. Yuko Mnarani, kituo cha mwisho, ameshika muhuri kwa mkono wa kulia, anatungoja.

Bendera hii hapa, Mheshimiwa.