Kaka, njia ya kunipata uliijua

Shikamoo Kaka,

Naandika hapa kwa sababu tangu siku ya khitma hupokei simu yangu, na kwa sababu najua wifi atakusomea. Wengine mtakaopita mnisamehe. Mengine humu ni ya nyumbani kwetu na sitayaeleza.

Ulisema mbele ya wajomba kwamba nimerudi kutoka Uchina na masanduku mawili. Ni kweli yalikuwa mawili. Nilinyamaza kwa heshima ya siku ile. Kisha wiki hiyohiyo ukamtuma wifi aje kuniuliza kama naweza kumtafutia mwanao nafasi Guangzhou. Nilifurahi kuulizwa, wallahi. Kijana ana akili, ana adabu, na akiniita shangazi ndipo ninapojua kwamba nimerudi kweli. Basi nikujibu yote mawili kwa pamoja.

Guangzhou iliyo kichwani mwako ni ile uliyoiona ulipokuja kwenye Maonyesho ya biashara ya Canton. Xiaobei, mtaa wetu Waafrika, ilikuwa imejaa mpaka chini ya daraja. Pale kwenye jengo la biashara la Tianxiu unapanda lifti na Mkongo, Mmali na Mwarabu wa Yemen, kila mmoja na mifuko yake myeusi. Ijumaa tulikuwa tunakwenda kwenye msikiti wa kaburi la Sahaba Saad bin Abi Waqqas, watu wanajaa mpaka wanatandika miswala bustanini chini ya miti. Mama alikuwa hachoki kuuulizia ule msikiti. Wako wanahistoria wasiokubali kwamba Sahaba alifika Uchina, nami niliwahi kumwambia hivyo, akanijibu niache kusoma vitabu vya watu wasio na imani, nimwombee dua pale pale.

Mji huo ndio ulionilea. Nilifika sijui hata kuomba maji, nikaondoka nikiwa nabishana bei na wenye viwanda kwa lugha yao. Ukiniuliza nini ninachokikosa hapa nyumbani nitakwambia ni vitu vidogo: treni ya chini ya ardhi usiku, maji ya moto ya kunywa kila mahali, kutembea peke yangu saa sita za usiku bila kushika pochi. Na watu pia. Aprili 2020, Waafrika walipotolewa kwenye nyumba na hoteli kwa hofu ya korona mpaka mabalozi wetu kule Beijing wakaandika barua ya malalamiko, mwenye nyumba wangu alinipa mpaka jioni niwe nimeondoka, na kodi nilikuwa nimeshalipa. Aliyenifungulia mlango ni mama mmoja wa Hunan aliyekuwa akiniuzia mabegi mtaa wa Sanyuanli. Nililala stoo kwake, kati ya maboksi, na kila asubuhi aligonga kwanza kabla ya kuingia kwenye stoo yake mwenyewe. Kwa hiyo usinitake niwaseme Wachina vibaya barazani, wala usinitake niwasifu. Nimeishi nao.

Baada ya hapo wengi wetu waliondoka na hawakurudi. Mipaka ilipofunguliwa tena Januari 2023, Xiaobei haikuwa ile. Tena biashara yenyewe ilikuwa imebadilika. Zamani mfanyabiashara wa Kariakoo alihitaji mtu wa kumpokea uwanjani Baiyun, kumtafsiria, kumkagulia mzigo na kumpakilia kontena. Siku hizi anatumiwa picha na kiwanda kwa WeChat, ile WhatsApp ya Wachina, akiwa amekaa dukani kwake Mtaa wa Kongo, na Wachina wenyewe wanauza jumla mtaa wa pili. Hata wewe uliniacha ukaanza kuagiza moja kwa moja kwa yule mtu wa Foshan niliyekutambulisha mimi. Sikukulaumu, biashara ni biashara. Lakini usije ukasema mbele ya watu kwamba nimeshindwa, wakati unajua kazi ile ilikwisha vipi na nani aliimaliza.

Sasa nije kwenye lile ambalo halinitoki.

Mama alifariki wiki ya mwisho ya Juni 2021. WhatsApp imefungwa Uchina tangu 2017, huipati bila VPN, ile programu ya kupita mitandao iliyofungwa, na siku zile Chama cha Kikomunisti kikijiandaa kutimiza miaka 100 tarehe 1 Julai, VPN yangu ilikuwa inakatika kutwa. Hayo nilikuwa nimekueleza. Ndiyo maana nilikuwekea WeChat kwenye simu yako kwa mkono wangu mwenyewe, nikakwambia likitokea jambo nitafute humu. Unasema ulinipigia WhatsApp tangu alfajiri. Naamini. Simu zako nilizikuta usiku wa manane mtandao ulipokubali, zimepangana moja juu ya nyingine.

Lakini saa nne asubuhi ya Tanga, kwangu ikiwa saa tisa alasiri, ulinitumia ujumbe wa sauti kwa WeChat. "Mdogo wangu, vile vigae vimeshatoka bandarini Nansha? Mteja ananisumbua." Nyuma ya sauti yako watu walikuwa wanasoma Yasini. Mimi nikadhani ni redio ya dukani. Nikakujibu vimetoka Jumanne, nikakutumia na namba ya kontena. Ukanirudishia kidole gumba.

Ulikuwa umekaa uani kwetu Ngamiani. Mama yuko chumba cha pili, bado hajaoshwa. Alasiri mkamzika, na saa hiyo mimi nilikuwa Sanyuanli nahesabu maboksi ya mabegi ya mteja wa Mwanza.

Sikutaka mnisubiri, Kaka. Maiti haisubirishwi, na hata ningejua nisingefika. Ndege zilikuwa za kutafuta, na nikitoka nisingekuwa na uhakika wa kuruhusiwa kurudi. Nilichokitaka ni kuisikia ile Yasini nikijua anasomewa nani. Sauti ilikuwa sikioni mwangu. Ulinipitishia kisomo cha mama yangu bila kuniambia.

Umesema hukutaka nipokee habari nikiwa peke yangu. Na kwenye WhatsApp ningekuwa na nani? Sikuulizi kwa nini uliwaza vigae siku ile. Hilo nalielewa kuliko unavyofikiri. Baba alipofariki ulikaa usiku kucha unafunga hesabu za duka, na ni mimi niliyekuletea chai, nikakaa nawe mpaka adhana bila kusema neno. Najua unavyofiwa. Nakuuliza kwa nini mkono wako ulipokuwa umeshafungua ile WeChat haukuandika maneno mawili zaidi.

Kesho yake nilikwenda msikitini kwa Sahaba. Milango ilikuwa imefungwa kwa sababu ya korona, mlinzi akanionyesha tangazo. Nikamsomea Mama nje ya ukuta, kwenye njia ya baiskeli.

Kuhusu kijana. Kama anataka kwenda, aende kwanza kusoma, na lugha aianze hukuhuku. Akifika akajiandikishe polisi ndani ya saa 24, na akihama nyumba ajiandikishe upya. Viza isimwishie: faini ni yuan 500 kwa siku mpaka 10,000, na wanaweza kumweka ndani. Asifanye biashara kwa viza ya masomo. Asibebe begi la mtu yeyote uwanjani, hata la jirani yetu, hata la mtu anayeswali naye. Kule gramu 50 za heroini zinatosha kumpeleka mtu kwenye hukumu ya kifo. Akija kuwa wakala kama mimi, alipe kiwanda asilimia 30 ya bei ya mzigo kwanza, na ile 70 asiitoe mpaka boksi lifunguliwe mbele yake.

Hayo yote mimi niliyafuata, na hakuna wa kunishika mkono. Hakuna kontena lako lililopotea mikononi mwangu. Hakuna mwezi dawa za Mama zilikosa kulipwa, na bati la nyumba uliyokaa siku ile ya khitma ukisema masanduku mawili, risiti yake ninayo. Nilibaki kule baada ya 2020, wakati wenzangu wanaondoka, kwa sababu dawa zilikuwa zinalipwa na kazi ya kule. Ukisema nilimwacha Mama, sema na hilo. Nilimwacha mikononi mwako kwa sababu nilikuamini, na ulimuuguza vizuri, hilo nalisema hadharani na Mungu akulipe. Wifi alinisimulia ulivyokuwa unambeba kumpeleka kuoga. Nililia kwa furaha.

Lakini mwanao simpeleki mpaka tukae. Atakuwa mbali, mtandao utakatika, na siku moja hapa nyumbani litatokea jambo. Nataka uniahidi mbele yake kwamba atapigiwa kwa njia anayopatikana, saa ileile, kabla ya mteja na kabla ya mzigo.

Jumamosi nipo, kuanzia baada ya adhuhuri. Mlete na pasi yake na vyeti vyake. Uje naye wewe mwenyewe, usimtume wifi.

Mdogo wako.