Usilale bila kupima sukari

Ng'ambo, Tabora

Mwanangu Maganga,

Sisi wazima, baba yako kifua kimetulia. Ujumbe wako nimeusoma. Kazi ya Kigoma umeipata, nimemshukuru Mungu kwa sauti mpaka jirani akauliza kuna nini. Halafu mwishoni ukachomeka kwamba daktari amekuruhusu kunywa pombe kidogo. Hapo usingizi uliniisha.

Simpingi daktari. Nilikuwepo akisema, na wewe umebeba nusu ya maneno yake. Alisema chupa moja ya bia, tena siku mojamoja, na chakula tumboni. Akaeleza na sababu. Sisi wengine sukari ikishuka, kongosho, kile kiungo cha nyuma ya tumbo, hutoa homoni inayoliamuru ini litoe sukari ya akiba. Kongosho lako liliondolewa lote pamoja na ule uvimbe. Insulini huna, na homoni hiyo huna. Ini nalo likipata pombe huishughulikia kwanza, kutengeneza sukari kunapungua sana. Ndiyo maana hatari haikukuti mezani ukicheka na wenzako. Inakukuta saa nane usiku umelala, au kesho yake asubuhi. Na bia inadanganya: mwanzoni inapandisha sukari, unapima unaona iko juu, unajichoma insulini ya kuishusha, ukishalala inaporomoka.

Kwa hiyo usilale bila kupima. Ukinywa, kula ushibe, pima kabla ya kulala, tega simu ikuamshe usiku upime tena. Kipimo kikionyesha chini ya 4 (mmol/L), koroga vijiko vitatu vya chai vya sukari au asali kwenye maji, unywe, subiri dakika 15, pima, kisha ule kitu. Insulini ya usiku usiiruke kwa woga, maana kuikosa nako ni hatari vilevile. Ukiwa na shaka na kiasi, mpigie daktari. Vidonge vya vimeng'enya, vile vya kusaga chakula, meza na tonge la kwanza, maana chakula kisichosagika hakikufai kitu. Huko utapikiwa migebuka kwa mawese, na mafuta ndiyo hasa yanayovitaka. Usione haya kuvitoa mbele za watu.

Yule utakayepanga naye ajue hali yako kabla hujafungua chupa yoyote. Jasho, kutetemeka, ulimi mzito: aliyeshukwa na sukari na mlevi ni vigumu kuwatofautisha, na ukinuka bia nani atahangaika? Ya Pasaka, sukari ilivyokushuka usiku, siyarudii. Baba yako usiku ule ukitajwa anatoka kwenda kukagua mizinga ya nyuki, hata kama ameikagua asubuhi. Mwambie mwenzako ukizimia asikumiminie kitu mdomoni, akulaze ubavu, akukimbize hospitali.

Wanzuki, ile pombe ya asali, iache kabisa. Kila mpishi ana mkono wake, hujui unakunywa nguvu kiasi gani. Gongo sitaki hata kuiongelea.

Wewe ulijifunza kujichoma sindano nyuzi za operesheni zikiwa bado tumboni, na kila mgeni aliyekuja kutupa pole nilimsimulia. Sasa mtu wa namna hiyo anashindwaje kusema "imetosha" mbele ya marafiki? Hilo ndilo linaloniudhi. Ukinywa au usinywe nitakuombea, lakini pima. Nitumie namba uliyoiona kabla hujalala, hata ikiwa saa saba usiku. Simu yangu siizimi.

Treni ikisimama Tabora nitakuwa stesheni. Nimekuandalia chupa ya asali, siyo ya kulambalamba kwenye chai, ni ya sukari ikishuka. Kuna na chungu cha udongo chenye mfuniko cha kuwekea insulini. Weka mchanga chini yake uulowanishe kila siku, kikae kivulini. Insulini yenyewe isiguse maji. Chumba chako kipya kikiwa na friji, iweke humo, ila mbali na barafu.

Bati la jikoni limeng'oka upande wa mlango, fundi anataka alipwe kwanza na mimi nataka aanze kwanza. Mbuzi mweusi amezaa mapacha. Mdogo wako ada bado nusu, usitume chochote mpaka umelipa chumba. Shangazi yako wa Ujiji anatuwekea debe la mawese. Mwambie amkabidhi mtu atakayeshuka Tabora mchana, usiku hatuna wa kwenda kulipokea.

Mama yako