Klasta yenu haijaharibika, chumba ndicho kibovu

Mhariri,

Vyuo na taasisi za utafiti hapa Nairobi zikitangaza zabuni ya klasta ya kompyuta, yaani seva kadhaa zinazofanya kazi kama mashine moja, karatasi hujaa prosesa na gigabaiti, chumba kikatajwa kwa mstari mmoja. Mashine zikianza kuzimika ovyo, fundi huitwa asakinishe programu upya. Mara nyingi programu haina hatia.

Chukua klasta ndogo ya seva nane, kila moja ikila wati 500 ikiwa kazini. Hizo ni wati 4,000. Soketi ya ukutani ya ampea 13 kwenye volti 240 hubeba takriban 3,100, na bado hatujahesabu swichi wala hifadhi ya diski. Wanaochomeka ekstensheni juu ya ekstensheni wanatafuta moto. Kabati la seva lipewe laini yake kutoka kwenye bodi ya stima. Wati hizo zote huishia kuwa joto, yaani BTU (kipimo cha joto) 13,650 hivi kwa saa, kwa hiyo kiyoyozi cha 12,000 kilichohamishwa kutoka ofisini hakitoshi hata kikiwa kipya. Tena Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu moja ya tano, na feni ikizunguka kwa kasi ileile huondoa joto pungufu. Ndiyo maana watengenezaji wengi hupunguza kikomo cha joto la hewa inayoingia kwa digrii 1 kila mita 300, kuanzia mita 900. Seva iliyoandikwa digrii 35 hapa ihesabiwe 32. Baridi ya Julai isimdanganye mtu: madirisha ya chumba hicho yamefungwa.

Stima ikipotea, UPS, yaani betri ya dharura, hushikilia seva na jenereta huwaka, ila kiyoyozi hubaki kimelala mpaka mtu abonyeze rimoti. Saa tisa usiku nani yuko? Prosesa hujipunguza kasi, kisha mashine hujizima. Asubuhi wa kwanza kufika hubonyeza rimoti, chumba hupoa, na lawama huangukia Slurm, programu inayogawa kazi kwenye klasta. Kabla ya kugusa chochote, soma kumbukumbu za seva yenyewe kwa amri ya ipmitool sel list. Joto lililopita kiasi na stima iliyokatika huandikwa humo. Nunueni kiyoyozi kinachojiwasha stima ikirudi, pamoja na kihisi joto mbele ya kabati kitakachoamuru seva zizimwe kwa utaratibu.

Kuwasha nako kuna mpangilio: swichi za mtandao, hifadhi, seva kuu, halafu nodi, yaani seva zinazofanya kazi za watumiaji, mbili mbili. Zikiwashwa zote kwa pamoja, mkondo wa mwanzo unaweza kuangusha breka. Nodi iliyotangulia hifadhi huamka bila folda za NFS, zile zinazoshirikiwa kupitia mtandao, na kazi za watumiaji hufa papo hapo.

Kisha saa. Betri ndogo ya CR2032 inayotunza saa ndani ya seva ikichoka, nodi iliyokatiwa stima huamka na tarehe ya zamani. Munge, inayothibitisha ujumbe wa Slurm, kwa kawaida hukataa kibali kilichopita sekunde 300, hivyo nodi nzima kabisa huonekana imekufa. Linganisha saa kwa amri ya date kwenye nodi zote, na chrony, programu ya kusawazisha saa, iruhusiwe kurekebisha saa kwa mruko mmoja inapoanza.

Nodi ikikataa kazi, amri ya sinfo -R hutaja sababu. Ikisema imejiwasha bila kutarajiwa, chunguza chanzo kwanza, kisha irudishe kazini kwa amri ya scontrol. Ikilalamikia RealMemory, yaani kiasi cha RAM kilichoandikwa kwenye mipangilio ya Slurm, endesha slurmd -C: nodi ya gigabaiti 128 inayoonyesha 112 hivi imepoteza kipande kimoja cha RAM cha 16, pengine kimelegea tu kwenye nafasi yake. Kuishusha namba kwenye faili la mipangilio, slurm.conf, ili lalamiko linyamaze ni kuficha ugonjwa.

Faili ndogo zikipita na kubwa zikikwama, jaribu ping -M do -s 8972, inayotuma pakiti kubwa bila kuikata vipande. Ikikataa ilhali nodi zimewekewa MTU (ukubwa wa juu wa pakiti) ya baiti 9000, angalia swichi.

Zabuni ijayo basi itaje pia laini ya stima, BTU za kiyoyozi, kihisi joto, betri za CR2032 za akiba na vipande viwili vya RAM vya kubadilishia. Gharama ya hivyo vitatu vya mwisho haifiki bei ya seva moja.

Fundi wa seva,
Nairobi