Barua kwa mwanangu: anzia kusini, mvua ikutangulie

Kirumba, Mwanza
Januari 18

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Sisi hatujambo. Baba yako mguu umepungua kuvimba, na asubuhi anatembea mpaka mwaloni kunakotua mitumbwi na kurudi. Ujumbe wako nimeusoma mara mbili, mara ya tatu nikamsomea yeye kwa sauti. Kwamba umepata likizo ya wiki tatu, kwamba unataka kumtembeza mke wako nchi nzima, na kwamba mtapita hapa nyumbani akaone ziwa ambalo hajawahi kuliona. Nimefurahi sana, mwanangu.

Lakini umeandika Aprili. Umeona Pasaka na Muungano ziko karibu, ukapiga hesabu kwamba siku za likizo zitaongezeka. Hesabu yako ni nzuri kwa kazi, ila kwa barabara ni mbaya, ndiyo maana nimekaa kukuandikia badala ya kukupigia. Nataka haya uwe nayo mkononi wakati unapanga na mwenzako.

Umeniuliza, "Mama, hali ya hewa ya Tanzania mwezi wa nne ikoje?" Nitakujibu kwa kukuuliza: Tanzania ipi? Siku ile ile ambayo sisi hapa tunafunika dagaa kwa maturubai mara nne, Dodoma wanaweza kuwa wanavuna wakiwa na jua, na Tanga kwa wakwe zako mvua ndiyo inakusanya nguvu. Nchi hii huwezi kuiuliza swali moja.

Mimi sikusoma jiografia kama baba yako. Nimejifunza kwa dagaa. Dagaa wa Julai ukiwamwaga kwenye chanja asubuhi, jioni ukimshika mmoja anavunjika kwa vidole. Dagaa wa Aprili unaweza kumlinda siku tatu na bado ananuka. Na kwa kuwa mzigo wangu unakwenda Songea, Mbeya, Dodoma, Lindi na huko Dar es Salaam kwako, lile daftari langu la jalada jekundu unalolijua limejaa tarehe: mzigo umeondoka lini, umefika lini, umefikaje. Juzi nililifungua kwa ajili yako, nikakaa nalo usiku mzima.

Nilichokiona humo baba yako alinieleza sababu yake. Mkanda wa mvua unalifuata jua. Jua likielekea kusini mwishoni mwa mwaka, mkanda unapita juu yetu, ndiyo vuli, Oktoba mpaka Desemba. Likirudi kaskazini, mkanda unapita tena, ndiyo masika, Machi mpaka Mei. Kwa hiyo sisi wa ziwa, pamoja na Arusha, Kilimanjaro, Tanga, Dar es Salaam na Visiwani, tunapata mvua mbili. Lakini kule kusini na katikati, Ruvuma, Mbeya, Njombe, Iringa, Dodoma, Singida, mkanda unafika na kugeuka. Wao wana msimu mmoja mrefu, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, basi. Baada ya hapo wanakaa miezi mingi bila tone. Ndiyo maana redioni Mamlaka ya Hali ya Hewa wanatoa utabiri wa vuli, wa masika na wa msimu, kila mmoja kwa mikoa yake. Ukisikiliza, usisikilize "Tanzania". Sikiliza jina la mkoa unaokwenda.

Umeelewa ninapoelekea? Mvua haiondoki nchi nzima siku moja. Inaondoka kusini kwanza, halafu kwetu, na pwani ya kaskazini inakawia mpaka Mei iishe. Basi na wewe anzia kusini, uje nyuma yake.

Nakuomba uanze safari karibu na tarehe 20 Mei. Ongea na kazini kwako mapema, sasa hivi Januari, kabla wenzako hawajachukua siku hizo.

Kabla sijafika kwenye njia yenyewe, nikwambie kwa nini naogopa Aprili na mwanzo wa Mei. Mwaka 2024 mvua zilikuwa nyingi tangu vuli ya mwaka uliotangulia, ile ya El Nino. Dalali mmoja akanihakikishia barabara ya Lindi inapitika, nikapakia gunia kumi na nane. Tarehe 4 Mei kimbunga Hidaya kikafika pwani. Barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi ikakatika maeneo ya Somanga, maji yakazoa madaraja na makalvati. Lori lilikaa upande wa huku siku nyingi, na turubai lilikuwa na tundu ambalo hakuna aliyeniambia. Dagaa wakaota ukungu. Nililipa nauli ya mzigo ambao haukuliwa hata na kuku. Sikuwahi kukwambia kwa sababu ulikuwa na mitihani yako, na ada ya mwaka ule nusu yake ilikopwa. Fedha hurudi, lakini dereva na utingo wake walilala porini na maji pande zote mbili, na mimi usingizi sikupata mpaka waliporudi. Sitaki nikae hivyo tena nikikungoja wewe na mtoto wa watu.

Sasa njia. Mtoke Dar es Salaam mwende Iringa, Njombe, Mbeya. Mwishoni mwa Mei mvua imeshawaacha kama mwezi mzima, barabara zimekauka, ila majani bado ni mabichi na vumbi halijaanza. Viazi viko sokoni. Baridi ipo, lakini ile kali ya Juni na Julai, ambayo kule Makete na Kitulo asubuhi unakuta umande umeganda majanini, haijafika kileleni. Hata hivyo usimdanganye mke wako. Mtu aliyezaliwa Tanga hajui baridi ya Njombe. Baba yako anasema kila ukipanda mita 1,000 joto linapungua nyuzi kama sita, na Njombe iko karibu mita 2,000 juu ya bahari. Piga hesabu mwenyewe, kisha mnunulie sweta zito na soksi za sufu hukohuko Kariakoo kabla hamjaondoka. Kitenge juu ya gauni hakitoshi.

Najua umeandika kwamba anapenda maua na alisikia habari za Kitulo, ile wanayoiita Bustani ya Mungu. Hapa lazima mchague, na ni afadhali mchague mkijua. Maua ya Kitulo yanaletwa na mvua za msimu. Yanachanua kuanzia Desemba hivi mpaka Aprili, na tope linakuja pamoja nayo. Mei mwishoni mtakuta machache ya mwisho, na nyasi, na mawingu yakipita chini ya miguu yenu. Kama roho yake iko kwenye maua hasa, basi tenga safari nyingine ya Februari, ya huko peke yake, na mwende na mwenyeji mwenye gari la kupanda mlima. Msijaribu kuyaunganisha na haya mengine.

Na kisiwa cha Mafia kitoe kabisa kwenye orodha yako. Papa potwe, wale samaki wakubwa sana ambao watu huwafuata huko, wanaonekana Oktoba mpaka Machi. Isitoshe kuanzia Mei upepo wa kusi unavuma na bahari inachafuka. Mtalipa nauli na kukaa ufukweni mkitazama mawimbi.

Kutoka Mbeya rudini Iringa, mpande Dodoma, Singida, Shinyanga, mpaka nyumbani. Dodoma na Singida msikae sana. Ni nchi kavu, mvua yao ya mwaka ni chache, na mwezi huo upepo umeanza. Mlale usiku mmoja Singida, mwonyeshe yale maziwa ya chumvi, halafu njooni.

Mtafika hapa karibu na mwanzo wa Juni. Masika yetu hapo yamekatika, au yanatoa manyunyu ya kuaga. Hili la ziwa nataka nilieleze vizuri kwa sababu wewe umeondoka mdogo, na mke wako atakuuliza.

Ziwa hili linajitengenezea mvua yake. Mchana nchi kavu inapata joto haraka, upepo unatoka majini kuja kwetu, ndiyo ule unaofungua madirisha alasiri. Usiku nchi inapoa, upepo unageuka, unatoka nchi kavu pande zote kwenda majini. Pepo hizo zikikutana katikati ya ziwa zinapanda juu, mawingu yanajaa, radi zinapiga usiku wa manane wakati hapa Kirumba watu wamelala na nyota zinaonekana. Wavuvi wetu wanaowafuata dagaa usiku ndio wanaokutana nayo. Halafu upepo wa mashariki unayasukuma mawingu kwenda Kagera. Ndiyo maana shangazi yako Bukoba anapata mvua ya asubuhi, na kwa mwaka wanafikisha kama milimita 2,000, mara mbili ya sisi, wakati Musoma ng'ambo ya pili wanalalamika ukame. Ziwa ni hilohilo moja.

Kwa hiyo mkitaka kwenda kumsalimia shangazi, msiende Aprili wala Novemba. Novemba 6, 2022, ile ndege iliyoangukia ziwani Bukoba ilikuwa inatua asubuhi katika hali mbaya ya hewa, watu 19 wakafariki. Juni ni salama zaidi. Siku hizi mnaweza kwenda kwa gari pia: lile daraja la Kigongo hadi Busisi lilifunguliwa Juni 2025, kama kilomita tatu juu ya maji, pale ambapo zamani tulikaa kwenye foleni ya kivuko mpaka uji unapoa kwenye chupa. Ila senene wake usiwategemee. Wao ni wa Novemba na Desemba, na mwambie mkeo asisikitike, shangazi hukausha na kuweka.

Ukerewe je? Nendeni, lakini asubuhi, na kwa meli au kivuko kikubwa, si kwa mtumbwi wa rafiki yako. Kuanzia Juni hadi Agosti pepo za kusini-mashariki zinalipiga ziwa kwa nguvu. Mvua hakuna, mbingu ni safi, na mgeni anadhani kiangazi maana yake ni maji matulivu. Sivyo. Hapo nakuwa mkali kwa sababu tangu Mei 21, 1996, MV Bukoba ilipozama hapa karibu tu na Mwanza, hakuna ukoo mtaani kwetu usiokuwa na mtu wa kumkumbuka. Ile haikuwa dhoruba, ilikuwa kujaza watu kupita kiasi, na mimi nakwambia yote mawili: angalia mbingu, na hesabu watu. Chombo kikijaa, shukeni. Siku moja ya likizo ikipotea mtakuja kuimalizia jikoni kwangu.

Kutoka hapa mpande gari la kuelekea Bunda, mwingie Serengeti kwa geti la Ndabaka. Watu wengi wanadhani Serengeti ni ya Arusha, kumbe kwetu ni mwendo wa saa mbili na kidogo. Na hapa ndipo tarehe zako mpya zinapolipa. Nyumbu wanazaa Februari kule Ndutu, kusini, kwenye nyasi fupi zilizonyweshwa na mvua. Nyasi zikikauka wanasogea, na Mei mwishoni mpaka Juni makundi yanakuwa upande wetu wa magharibi, kwenye mto Grumeti. Baada ya hapo wanakwenda kaskazini mto Mara, Julai hadi Septemba. Ungekuja Aprili ungewakosa njiani, na ungewatafuta kwenye udongo mweusi unaomeza magurudumu. Sikuahidi kuwa watakuwepo siku yenu hasa, wao hufuata mvua na mvua ina mwaka wake. Ulizeni getini kabla ya kulipia usiku wa pili.

Ngorongoro mtapita juu, ukingo wa kreta ni zaidi ya mita 2,200, na asubuhi ukungu unafunika kila kitu. Sweta la Njombe litatumika tena. Moshi mwezi huo mawingu yamekaa mlimani siku nzima. Atakayetaka kuuona Kilimanjaro aamke alfajiri atoke nje kabla ya chai, hapo ndipo mlima hujifunua kidogo. Malizieni Tanga kwa wakwe. Masika yao yatakuwa yamepungua, upepo wa kusi umepoza joto, na mtapumzika.

Vyandarua beba, hasa kwa huku kwetu, maana mvua ikiisha mbu ndio wanaozaliwa.

Ombi langu la mwisho ni dogo. Mkiwa hapa, natamani mke wako apande nawe juu ya mawe ya nyuma ya nyumba usiku, aone taa za wavuvi wa dagaa zilivyojipanga ziwani, kama kuna mji mwingine umejengwa juu ya maji. Wewe ulipokuwa na miaka minne ulikuwa unazihesabu mpaka unalala begani kwangu. Lakini hilo linahitaji giza. Mwezi ukiwa mpevu dagaa hawafuati taa, mitumbwi inalala mwaloni na ziwa linakuwa tupu.

Basi ukishapata ruhusa kazini niandikie tarehe mbili au tatu unazoweza kufika Mwanza. Usilipe nauli kwanza. Nitamuuliza mzee wa mtumbwi giza linaingia lini, kisha nitakujibu.

Msalimie mke wako. Baba yako anasema umletee ramani mpya ya nchi, ile ya ukutani imechanika Kigoma.

Mama yako